Mgeni Apewaye Jembe: Somo juu ya Siku za Kawaida za Mmisionari Kijana

Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwetu baada ya Misa ya asubuhi. Alitoa salamu ya Tumsifu Yesu Kristo, akaketi, akakaa kitambo bila kusema neno. Kisha akaeleza shida yake. "Padre, mwanangu wa pili amemaliza masomo ya sekondari. Anataka kujiunga na shirika la wamisionari. Wakimpokea, watampeleka mbali, labda hata nje ya Afrika. Baba yake hataki kabisa. Mimi siukatai mwito wa Mungu, lakini sielewi. Huko kwa watu asiowajua, akiamka asubuhi atafanya nini? Atazungumza na nani? Tena, Padre, akifa, nani atamzika?"

Sikumjibu upesi. Sisi mapadre tumezoea kuhubiri juu ya wamisionari siku ya sikukuu yao, nasi huwasifu kwa maneno makubwa: wamevuka bahari, wamebatiza maelfu, wameimwaga damu yao. Mambo hayo ni ya kweli. Lakini mama huyu hakuuliza habari za sikukuu. Aliuliza habari za Jumatatu. Alitaka kujua mtoto wake atakula nini, atakosea nini, atacheka na nani. Nikamwahidi kumjibu katika ukurasa huu, maana najua kwamba swali lake limo katika nyumba nyingi za Wakristo wetu.

Basi leo tumtazame kijana mmoja ambaye jina lake lajulikana hasa kwa ndugu zetu wa Uganda, ingawa alipita kwetu Bagamoyo, Ugogo na Unyamwezi kabla ya kufika huko. Ni Padre Siméon Lourdel, ambaye watu walimwita Mapera.

Safari ya kwenda kwa watu

Lourdel alizaliwa tarehe 20 Desemba 1853 katika kijiji cha Dury, kaskazini mwa Ufaransa. Aliingia katika shirika la Mapadre Weupe, ambalo leo laitwa Wamisionari wa Afrika, lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie wa Algiers mwaka 1868. Alipewa upadre mwaka 1877. Mwaka uliofuata akawekwa katika msafara wa kwanza wa shirika hilo kuja Afrika ya Mashariki. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Wamisionari hao kumi waliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878, wakifuata njia ya misafara kwenda bara. Kabla ya kutoka Ugogo, mmoja wa wakuu wao, Padre Pascal, alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Wenzake wakamzika porini, wakaendelea. Walipofika Tabora wakagawanyika: wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine wakaenda kaskazini hadi Kageye, kwenye pwani ya kusini ya ziwa Nyanza. Hapo Padre Livinhac, mkuu wa kundi hilo, akamtuma Padre Lourdel pamoja na Bruda Amans watangulie kwa mtumbwi ili kuomba ruhusa ya Kabaka Mutesa. Walikaa ziwani karibu mwezi mzima. Tarehe 17 Februari 1879 wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe.

Hapo ndipo swali la mama yetu linapoanza. Msafara umekwisha, na sasa ni Jumatatu asubuhi. Kijana huyu afanye nini?

Somo la kwanza: kungoja mlangoni

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kungoja. Hakuingia mara moja mbele ya Kabaka. Alipewa nyumba ya kukaa, akawekwa humo siku kadhaa mpaka mwenye nchi alipoona vema kumpokea. Wala tusimlaumu Mutesa. Wakati ule wageni walikuwa wanamjia kutoka kila upande, wengine kutoka Misri, wengine kutoka Unguja, na Waingereza wa Kanisa la Anglikana walikuwa wamekwisha kufika tangu mwaka 1877. Kila mgeni alikuwa na maneno yake, na mfalme mwenye akili hawezi kufungua mlango kabla ya kujua ni nani anayebisha.

Sisi wa Afrika twalijua jambo hili. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, naye husimama nje mpaka aitikiwe karibu. Akiingia bila kuitikiwa, hata akiwa amebeba zawadi kichwani, amekwisha kuikosea nyumba. Padre huyu kijana, aliyekuja na Habari Njema, ilimpasa kujifunza hodi kabla ya kufundisha Baba Yetu. Na hata baada ya kupokelewa hakuacha kungoja. Miaka yote aliyokaa Buganda, alikwenda mara nyingi barazani akaketi pamoja na watu wengine wenye haja zao, siku nyingine akasikilizwa, siku nyingine akarudi nyumbani bila kuonana na Kabaka.

Mutesa aliporidhika, alitoa mitumbwi, na Bruda Amans akarudi nayo Kageye kuwachukua waliobaki. Mwezi wa Juni 1879 wote wakawa pamoja. Kama yule padre kijana asingalijua kungoja, huenda wenzake wasingalifika.

Somo la pili: kusema kama mtoto

Lavigerie alikuwa amewapa wanawe amri tatu zilizo rahisi kutajwa na ngumu kutendwa: waseme lugha ya watu, wale chakula cha watu, wavae kama watu. Ndiyo sababu walivaa kanzu nyeupe, na rozari shingoni. Kanzu huvaliwa kwa dakika moja, lakini lugha haivaliki hivyo.

Padre Lourdel alikuwa amejifunza Kiswahili, na kwa bahati njema Kiswahili kilijulikana katika jumba la Kabaka, naye Mutesa mwenyewe alikisema. Basi lugha yetu hii ndiyo iliyokuwa daraja la kwanza. Lakini daraja si nyumba. Mwanamke aliyekuwa shambani akipalilia migomba yake alisema Kiganda, na mtoto aliyelia usiku alilia kwa Kiganda. Mwaka 1879 hapakuwa na kitabu cha sarufi kilichochapwa cha kumfundisha mgeni lugha hiyo. Padre Livinhac alikuja kuchapisha chake mwaka 1885. Kwa hiyo watu wenyewe ndio waliokuwa kitabu. Kila aliyepita njiani alikuwa mwalimu, hata mtoto mdogo.

Wanaume wenye elimu hawalipendi jambo hili. Mimi nalijua kwa mwili wangu. Nilipokuwa shemasi nilitumwa katika parokia ya kabila jingine, nikaona ni vema kuhubiri kwa lugha yao baada ya majuma machache tu. Nilikuwa nimesoma falsafa na teolojia miaka mingi, lakini watoto wa benchi la mbele walipoanza kuzibana pua ili wasicheke, nilitambua kwamba nimesema neno lisilosemwa kanisani. Baada ya Misa bibi mmoja mzee akanishika mkono, akanipeleka chini ya mwembe, akanifundisha neno lenyewe mara tatu, kama amfundishaye mjukuu. Tangu siku ile nyumba yake ikawa nyumba yangu. Kosa langu lilinipatia bibi.

Ndivyo ilivyo kwa kila mmisionari. Yeye ajaye akijua kila kitu hupata wasikilizaji. Yeye akubaliye kusahihishwa hupata ndugu. Jina lenyewe la Mapera ni ushahidi wa jambo hilo. Watu walisikia maneno ya Kifaransa "Mon Père", yaani Baba Yangu, wakayageuza yakae vizuri katika kinywa chao. Yeye alikuja kujifunza maneno yao, nao wakachukua moja la kwake wakalifanya la nyumbani.

Somo la tatu: dawa na lawama

Kazi nyingine ya kila siku ilikuwa kuuguza. Padre Lourdel hakuwa daktari, lakini alikuwa na dawa kidogo na ujuzi kidogo. Katika majuma yale ya kwanza Mutesa aliugua, Padre akamtibu, naye akapata nafuu. Habari zikaenea, na wagonjwa wakawa wanafika. Wamisionari walikomboa pia watoto waliokuwa watumwa, wakawatunza nyumbani mwao. Kuwalisha watoto, kuwaosha vidonda, kuwafundisha ishara ya msalaba: hayo ndiyo yaliyojaza siku.

Hata hivyo tusidhani kwamba wema hurudishiwa wema siku zote. Mwezi wa Novemba 1885, Kabaka Mwanga, mwana wa Mutesa, alikuwa anaumwa macho. Padre Lourdel akampa kidonge cha dawa yenye afyuni. Kabaka akajisikia vibaya, na maadui wa dini wakasema amelishwa sumu. Lawama ikamwangukia mtumishi wake mwaminifu, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkristo aliyethubutu kumwonya Kabaka kwa ajili ya kuuawa kwa Askofu Hannington wa Waanglikana. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa akauawa.

Fikirini, ndugu zangu, uchungu wa padre yule. Alitoa dawa kwa nia njema, nayo ikageuzwa kuwa sababu ya kumsingizia mwanawe wa kiroho. Mmisionari hana ahadi ya kueleweka. Aliyekwenda ng'ambo ili asifiwe, siku kama hiyo hufunga mzigo wake. Lakini usiku ule ule vijana wa jumba la Kabaka walikwenda misioni wakiomba ubatizo, na mmoja wao alikuwa Karoli Lwanga. Padre hakupata nafasi ya kujililia, kwa maana walikuwapo watu mlangoni.

Somo la nne: mwenyeji ashikapo jembe

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni akikaa, hushiriki kazi ya nyumba. Lakini methali hiyo ina upande mwingine ambao twausahau. Shamba si la mgeni. Akiondoka, mwenye shamba ndiye alimaye.

Mwezi wa Novemba 1882 wamisionari waliondoka Buganda pamoja na watoto wao waliokombolewa, wakavuka ziwa mpaka Bukumbi, karibu na Mwanza. Walihofia usalama wao na wa watoto. Wakristo walioachwa walikuwa wachache, tena wachanga katika imani. Ubatizo wa kwanza ulikuwa umefanyika tarehe 27 Machi 1880 tu. Maana kwa amri ya Lavigerie, mafunzo kabla ya ubatizo yalikuwa yarefushwe hadi miaka minne. Mtu angaliweza kusema: yamekwisha, moto umezimika.

Wamisionari waliporudi mwezi wa Julai 1885 hawakukuta majivu. Walikuta wanafunzi wa dini wameongezeka. Jumbani kwa Kabaka, Yosefu Mukasa alikuwa akiwafundisha vijana. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, alikuwa akiwafundisha watu nyumbani kwake. Huko Mityana walikuwapo Mathias Kalemba na Luka Banabakintu, na Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Hawakuwa na padre wala Misa. Walikuwa na sala, na mafundisho waliyoyashika kwa moyo, na ujirani. Walizuru wagonjwa, wakawabatiza waliokuwa wanakufa.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Mmisionari hupimwa kwa mambo yanayobaki wakati yeye hayupo. Kama angalifanya kila kitu mwenyewe, yote yangaliondoka naye katika mtumbwi. Lakini kwa sababu alikaa na watu siku kwa siku, akaulizwa na kujibu, akakosea na kusahihishwa, imani haikuwa tena kitu cha Mapera. Ilikuwa imekuwa ya Mathias, ya Noe, ya Andrea.

Somo la tano: asubuhi ya Munyonyo

Tarehe 26 Mei 1886 Padre Lourdel alikwenda Munyonyo, alikokuwa Kabaka Mwanga, ili kuwaombea Wakristo. Hakupata ruhusa ya kuingia. Akiwa amesimama nje, aliwaona vijana wake wakitolewa wamefungwa kamba, wakipelekwa Namugongo kuuawa. Mdogo Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka yapata 14, alikuwamo. Padre aliinua mkono awape maondoleo, maana hakuwa na la kufanya zaidi. Yakobo Buzabalyawo akainua mikono yake iliyofungwa, akaielekeza mbinguni, kana kwamba amwambia asihuzunike.

Hapo mwalimu alifundishwa na mwanafunzi wake. Miaka saba kabla ya hapo yeye ndiye aliyeonyesha njia ya mbinguni kwa kidole chake. Sasa alionyeshwa na kijana aliyekuwa anaiendea. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Karoli Lwanga na wenzake waliteketezwa kwa moto Namugongo, na pamoja nao Wakristo wa Anglikana. Tarehe 18 Oktoba 1964 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliwatangaza mashahidi 22 Wakatoliki kuwa watakatifu.

Somo la sita: mashua moja

Yako mambo mawili zaidi yasiyofaa kusahauliwa. Mwezi wa Oktoba 1888, baada ya mapinduzi katika jumba la Kabaka, wamisionari wote walifukuzwa. Mapadre wetu na wachungaji wa Anglikana walioshindana kwa maneno barazani kwa miaka mingi walipandishwa katika mashua moja, mashua ya Waanglikana. Ziwani kiboko akaipiga ikatoboka, na baadhi ya watoto waliokuwamo wakafa maji. Waliosalia wakaokoka pamoja, wakafika Bukumbi. Mashua ikitoboka, hakuna aulizaye jirani yake ni wa kanisa gani kabla ya kumpa mkono.

Tena, kabla mwaka ule haujaisha, akafika Bukumbi mtu mwingine aliyekimbia, akiomba mahali pa kukaa. Alikuwa Mwanga mwenyewe, yule aliyeamuru vijana wa Namugongo wachomwe moto, sasa ameondolewa katika kiti chake. Wamisionari wakampokea. Twajua wote jinsi ilivyo vigumu kumkaribisha mtu aliyetutukana tu kisimani. Hawa walimkaribisha aliyewaua watoto wao. Naona kwamba siku ile walihubiri kuliko siku zote walizohubiri kwa kinywa.

Mwanga alirudishwa katika ufalme wake, na Padre Lourdel akarudi Buganda. Tarehe 12 Mei 1890 akafariki dunia Lubaga. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Jibu kwa mama

Sasa, mama, nakujibu kama nilivyoahidi, wala sitakudanganya.

Umeuliza mwanao atafanya nini akiamka asubuhi. Atasali, kisha atakwenda kungoja, kusalimu, kuuliza, kukosea maneno, kuchekwa, kula chakula asichokizoea, kukaa na mgonjwa, kumfundisha mtoto, kusamehe. Hayo ni mambo madogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Na mengi kati ya hayo hayafundishwi seminarini. Mimi nilisoma huko miaka mingi, lakini kupiga hodi nilifundishwa na mama yangu. Kama wewe umemzoeza mwanao kumpisha mzee, kula kilichoandaliwa bila kunung'unika, kuomba radhi akikosa, na kumkaribisha mtu wasiyepatana naye, basi nusu ya kazi umekwisha kuifanya.

Umeuliza atazungumza na nani. Mwanzoni atakuwa na upweke, naye atakukumbuka sana. Mwandikie, mpigie simu. Lakini ukisikia siku moja kwamba kuna mama wa huko anayemkaripia kwa kuchelewa kula, usione wivu. Mshukuru Mungu, maana mwanao amefika.

Umeuliza nani atamzika. Padre Lourdel alizikwa katika nchi aliyoifia, kati ya watu aliowafundisha, na mpaka leo Waganda humtaja Mapera kama mtu wa kwao. Hilo halifuti machozi ya mama. Nisingethubutu kusema hivyo. Lakini lajibu swali: atazikwa na wanawe.

Na wewe baba wa nyumba, usiyetaka kabisa, sikukemei. Unaogopa kupoteza nguvu za kijana uliyemlea na kumsomesha. Lakini kumbuka kwamba imani uliyo nayo ililetwa na mtoto wa baba mwingine. Mwaka 1969, Paulo wa Sita alipofika Kampala, aliwaambia Waafrika kwamba sasa ni wamisionari wao wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, huko Moroto, Uganda, lilikuwa limeanzishwa shirika la Mitume wa Yesu, la wamisionari wa Kiafrika, na leo mapadre na masista wa nchi zetu wanahudumu katika Afrika, Ulaya na Marekani. Nao wanangoja milangoni pa watu na kusahihishwa maneno yao na wazee wa huko. Deni la mgeni aliyetulimia halilipwi kwa maneno ya shukrani peke yake.

Mzungumze nyumbani kwenu, bila hasira, kijana naye akiwapo. Msimsukume, wala msimzuie. Mwacheni apige hodi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika kijiji au mtaa wetu yuko mgeni gani ambaye hatujamwitikia karibu?

2. Ni nani aliyewahi kutusahihisha tukachukia, kumbe alikuwa anatufundisha?

3. Kama padre wetu angaliondoka leo kwa miaka mitatu, ni kazi gani za imani zingeendelea nyumbani mwetu, na zipi zingekufa?

4. Je, mtoto wetu akituambia kwamba ataka kwenda ng'ambo kwa ajili ya Injili, neno letu la kwanza litakuwa nini?